Nyota Mbili na Leso Saba

Mimi ni mtu wa moto wa mabua. Nawaka upesi, nazimika upesi, na kabla sijazimika huwa nimeshasema neno la kunijutisha wiki nzima. Ndivyo nilivyojikuta, mwishoni mwa miaka ya themanini, nimeahidi mbele ya bodi nzima ya shule kwamba nitawafundisha wazazi fizikia kwa dakika kumi na tano, bila labu, bila kifaa chochote, na wote wataelewa.

Shule yenyewe ilikuwa ya wasichana, ya harambee, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kathonzweni. Wazazi walikuwa wamechoma matofali wenyewe, na akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, walikuwa wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko pande zote za uwanja. Mimi nilitoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kanyangi, na wenyeji hawakuniacha nisahau. Nikifungua mdomo kusema Kikamba walicheka jinsi sisi watu wa Kitui tunavyoyavuta maneno. Nami niliwaambia kuvuta ni afadhali, wao wanayameza kabla hayajaiva. Tuliishi vizuri.

Nilikuwa na wanafunzi wa fizikia kumi na mmoja. Labu yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, mizani ya springi, sumaku iliyokuwa imeanguka mara nyingi hata ikasahau kazi yake, na ammita iliyoonyesha namba ileile ukiiunganisha usiiunganishe. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa mwenye suti moja ya kahawia na maneno machache, alikuwa amekitupia jicho chumba hicho. Kanisa lilikuwa limepata cherehani nane za kufundishia wasichana ushonaji, na cherehani hazina pa kukaa.

"Madam," aliniambia pale bodini, kwa upole kabisa, "msichana akijua kushona sare, atakula. Hiyo fizikia yako italisha nani?"

Hapo mabua yakashika. Nikasema mambo mengi kuhusu akili za watoto wa kike, mengine ya kweli. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi, kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kulazimisha. Mkutano wa wazazi ulikuwa baada ya wiki mbili. Niwaonyeshe wazazi hiyo fizikia ni nini. Wakiona ina maana, somo libaki na chumba chake. Wasipoona, chumba ni cha cherehani, na wale kumi na mmoja watafute somo lingine.

Niliona haki yake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Wasichana wangu ndio waliochagua cha kuonyesha. Mimi nilitaka kapi, lile gurudumu la kuvutia maji kisimani, kwa sababu hakuna mzazi wa Makueni atakayeuliza maji yanalisha nani. Wao wakakataa katakata. Walitaka zile nyota.

Kosa lilikuwa langu. Mapema mwaka ule, jioni baada ya chakula, nilikuwa nimewatoa uwanjani nikawaonyesha ile nyota inayong'aa kuliko zote, inayopanda mashariki wakati wa miezi ya ukavu. Nikawaambia haiko peke yake. Ina mwenzake mdogo, asiyeonekana kwa macho, aliyemaliza kuni zake zamani akabaki kaa la moto. Huyo huitwa nyota kibete nyeupe. Ana uzito kama wa jua letu, lakini umbo lake si kubwa kuliko dunia hii tunayoilima. Hawaki tena. Anapoa tu, polepole, kwa miaka isiyosemeka. Mmoja wao, binti mwembamba aliyekuwa akiuliza maswali kama anadai urithi, akasema, "Madam, na kama wote wawili wamemaliza kuni?"

Nilikuwa na karatasi kumi hivi nilizotoka nazo chuo kikuu Nairobi, zilizochapwa kwa stensili, wino wake umefifia. Nilizibeba kutoka shule hadi shule pamoja na sufuria zangu. Zilikuwa zinaeleza jambo hilohilo, jozi ya nyota ambazo zote mbili zimekuwa vibete. Wakati huo wataalamu walikuwa ndio kwanza wanaanza kuzipata angani. Nyingi zilikuwa bado ni hesabu za karatasini. Nilizipenda karatasi zile bila sababu ya maana. Basi jioni baada ya jioni niliwasomea, na wakanasa.

Habari yenyewe ni hii. Nyota nyingi huzaliwa mbili mbili kutoka wingu moja la gesi, na maisha yao yote hubaki zikizungukana. Mara nyingi moja huwa kubwa kuliko mwenzake. Hiyo kubwa ndiyo humaliza kuni zake kwanza, maana mwenye ghala kubwa hula bila kupima. Kuni za katikati yake zikiisha, nyota haifi papo hapo. Hufura. Hufura mpaka ngozi yake ya nje inamfikia mwenzake, na mwenzake anaanza kuivuta kwake. Ikimwagika kwa kasi kuliko mwenzake anavyoweza kupokea, gesi hiyo huzifunika zote mbili kama blanketi. Humo ndani zinaendelea kuzungukana, zinajikwaruza na gesi, zinapungukiwa na mwendo, zinasogeleana, hadi blanketi linatupwa nje. Ile kubwa sasa imebaki kaa jeupe. Baadaye sana, yule mdogo aliyenenepa kwa mali ya mwenzake naye anaishiwa na kuni, anafura, na mambo yanarudiwa kwa upande wa pili. Mwishoni panabaki makaa mawili, karibu karibu, yanazungukana.

Tulipanga kuigiza. Msichana mrefu angekuwa nyota kubwa, amejifunga leso saba moja juu ya nyingine. Yule mwembamba wa maswali angekuwa nyota ndogo, mwenye leso mbili. Leso tuliziazima kwa walimu na kwa mpishi. Blanketi lilitoka bwenini. Leso zote zikiisha, wasichana wangebaki na blauzi zao nyeupe za shule, na hapo ndipo mzazi angeona nyota kibete nyeupe kwa macho yake. Niliona nimekuwa na akili kuliko kawaida yangu, na nikalala vizuri wiki zote mbili.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi, asubuhi, katika darasa kubwa lililokuwa na paa lakini bado halina madirisha. Wanaume walikaa mbele. Akina mama walijaza nyuma, na kama kawaida ya akina mama wa kwetu, hakuna mkono uliokuja bure. Mmoja anasuka kiondo, mwingine anasokota mkonge juu ya paja, na masikio yote yako kwa mwalimu. Mwenyekiti alikuwa amewahi kujaribu kukataza kazi hizo mikutanoni. Akina mama walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea.

Kule nyuma kabisa walikaa bibi wawili waliokuja kila mkutano, kwa sababu mjukuu wao alikuwa kidato cha kwanza. Mmoja alikuwa mama yake mwenyekiti. Mwingine, mkubwa zaidi, mwenyekiti alimwita susu, yaani nyanya, nasi sote tukamwita hivyo. Niliwahi kujiuliza inakuwaje nyanya awe amempita mama miaka kumi na mitano tu, lakini mgeni haulizi kila kitu. Walikuwa wanatengeneza kamba ya mbuzi. Uzi mrefu wa mkonge ulikuwa umevuka darasa kutoka ukuta hadi ukuta, susu ameshika ncha moja, mama ameshika nyingine, kila mmoja juu ya kigoda chake, wanausokota kila mmoja kwa upande wake.

Mwalimu mkuu, mwanamke mtulivu ambaye hakuwahi kunigombeza hata siku niliyostahili, alinipa daftari la kumbukumbu, kwa kuwa mwalimu mdogo ndiye mwandishi wa mkutano. Mwenyekiti akaomba, akasoma ajenda, akafika kwangu. Nikaweka kalamu chini, nikawaita nyota zangu.

Nilianza vizuri. Nilisema Kikamba changu cha Kitui nikakichanganya na Kiswahili, wakacheka mahali pa kucheka. Msichana mrefu akazunguka na leso zake saba kwa maringo, mwembamba akamzunguka kwa mbali. Nikaeleza wamezaliwa na wingu moja. Nikaeleza mkubwa ndiye mwenye mali. Kisha nikafika pale.

"Sasa muone," nikasema, "huyu mkubwa ana mali, lakini tumboni mwake hamna kitu tena. Hamzaliki moto. Kwa hivyo anafanya nini? Anachukua mali yake, anampelekea huyu mdogo. Mdogo ndiye atakayewaka kwa niaba ya boma lote."

Msichana mrefu akavua leso ya kwanza, akamfunga mwenzake kiunoni. Akavua ya pili.

Mikono ya akina mama ilikuwa imesimama. Wanaume wa mbele walikuwa wanatazama viatu vyao. Mwalimu mkuu akanivuta sketi.

"Nani alikwambia mambo ya boma la mwenyekiti?" akaninong'oneza.

"Boma gani?"

"Huyo susu si nyanya yake. Ndiye aliyemwoa mama yake."

Nikaelewa yote mara moja. Kwetu Ukambani, upande wao na upande wetu pia, mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kutoa mbuzi na ng'ombe wake akaoa mwanamke mwenzake, ili boma lisikose watoto na jina la marehemu mume wake lisipotee. Mke huyo huitwa iweto. Watoto atakaowazaa ni wa boma hilo, na yule aliyetoa mahari ni mzazi wao kamili. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini makanisa yalipoingia yalilitazama vibaya, na mtoto wa iweto aliyepanda hadi kuwa mzee wa kanisa hakuwa na haraka ya kulitangaza. Mwenyekiti alikuwa amelifunika kwa neno moja tu, susu, na kijiji kizima kilimheshimu kwa kulifunika pamoja naye. Na mimi, mtu wa kuja kutoka ng'ambo ya Athi, nilikuwa nimesimama mbele ya wazazi mia mbili nikilifunua leso kwa leso.

Wasichana wangu hawakujua lolote. Walikuwa wameingia ndani ya blanketi, wanazunguka na kucheka. Mwenyekiti alisimama. Alitoa kitambaa mfukoni, akajipangusa uso, na nikaona hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Fizikia niliiona imekwenda, na kwa wakati ule sikuona kwamba ni hasara kubwa. Nilitaka tu mtu aseme mkutano umekwisha.

"Madam."

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa susu.

"Madam, mbona umenyamaza? Huyo mkubwa amepatia mwenzake kila kitu. Sasa inakuwa aje?"

Nilimtazama mwenyekiti. Alibaki amesimama, kitambaa mkononi, lakini hakuna mtu wa Makueni ambaye angemkatiza mzee wa umri ule. Akakaa.

Basi nikaendelea, kwa sauti iliyokuwa inatafuta mahali pa kushika. Nikasema mkubwa amebaki kaa jeupe, na wasichana wakatoka kwenye blanketi, mmoja na blauzi yake nyeupe na mwingine mnene kwa leso. Nikasema mdogo naye atafika siku yake. Atafura, atamrudishia mwenzake, mwenzake atashindwa kupokea zote, blanketi litawafunika tena. Wakaingia, wakazunguka, wakatoka, wote wawili weupe, wamebakiza hatua mbili tu kati yao.

"Wakiisha kumaliza kila kitu, wanaachana?" susu akauliza.

"Hawaachani, susu. Wanasogeleana."

"Hata kama blanketi haiko?"

"Hata kama haiko. Wakizungukana wanatikisa anga yenyewe, kidogo kidogo, kama jiwe linavyotikisa maji ya bwawa. Yale mawimbi yanaondoka na nguvu zao. Kwa hivyo wanakaribiana, na wakikaribiana wanazunguka mbio zaidi."

Mzazi mmoja wa mbele akainua mkono. "Madam, hapo unatudanganya. Kitu kikipoteza nguvu kinalala. Ng'ombe yangu ikipoteza nguvu haikimbii mbio zaidi."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipa pumzi. Hilo swali lilinisumbua tangu chuoni. Kwenye karatasi hesabu zilikubali, kichwani mwangu zilikataa. Nikageuka kumtafutia yule baba maneno, na macho yangu yakawaangukia wale bibi wawili.

Walipoanza walikuwa ukuta hadi ukuta. Sasa kila mmoja alikuwa ameuacha ukuta wake hatua kadhaa. Hakuna aliyekuwa amewasogeza. Vigoda walivisogeza wenyewe bila kufikiri, kwa sababu uzi ukisokotwa hufupika, na anayeushika hana budi kuufuata.

"Susu," nikasema, "ulikuwa umekaa wapi tulipoomba?"

Akaonyesha ukutani kwa kidevu.

"Nani amekuleta hapa?"

Akatazama kamba, akamtazama mwenzake. "Ni hii," akasema. "Ukisokota inakula urefu yake. Kila mzunguko inakuvuta kidogo."

"Na ukiachilia sasa hivi?"

Susu alimnong'onezea mwenzake, akampelekea ncha yake, akaushika uzi katikati, kisha akaachilia. Kamba ikajizungusha yenyewe kwa kasi, nyuzi mbili zikajifunga moja juu ya nyingine, mara ikawa kamba nene moja inayoning'inia mkononi mwa mama. Darasa lote likaona. Yule baba wa ng'ombe alisimama ili aone vizuri, na akina mama wakamwambia akae, kama hajawahi kuona kamba ni shauri yake.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa somo lililokuwa kwenye karatasi zangu. Nyota si kamba, najua, na hakuna uzi kati yao ila mvutano. Lakini nguvu zilizopotea kwenye urefu zilikuwa zimerudi kwenye mzunguko, na nilikuwa nimezitazama miaka mitatu kwenye mapaja ya akina mama bila kuziona.

"Sasa zikigusana?" Huyu alikuwa mama yake mwenyekiti. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema mkutanoni.

Nilitaka kumpa jibu zuri, lakini alistahili jibu la kweli. "Mama, inategemea uzito. Zikiwa nzito sana, zote mbili zikijumlishwa, zinaweza kulipuka. Zinatoa mwanga unaoshinda nyota zote za jirani, halafu hakuna kinachobaki. Zikiwa nyepesi, zinaingiana. Zinakuwa nyota moja, na kilichokuwa kimeshapoa kinaanza kuwaka upya."

Wale bibi walitazamana. Susu alikuwa mwembamba sana, mikono yake mifupa mitupu, na mwenzake hakumzidi.

"Basi sisi tumekonda," susu akasema. "Hatutalipuka."

Alianza kucheka yeye, akafuata mwenzake, kisha nyuma yote ikapasuka kwa kicheko, na kikaja hadi mbele. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka na sikuyafuta. Hakuna aliyekuwa anafunika kitu tena, kwa sababu mwenye jambo lake alikuwa amelisema mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa amewageukia wale wawili, anawatazama kwa namna ambayo nadhani hakuwa amewatazama tangu utotoni.

Alingoja hadi watu wakatulia. Kisha akarudi kwenye ajenda, maana alikuwa mtu wa utaratibu.

"Tumesikia fizikia," akasema. "Kuna mtu anayependekeza ibaki na chumba chake, na cherehani ziende kwenye bwalo la chakula?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa susu, na kamba ndani yake.

"Nani anaunga mkono?"

Mwenzake akapandisha wake. Baada ya hapo mikono ilikuwa mingi, sikuweza kuihesabu, na wasichana wangu kumi na mmoja walikuwa wamepandisha miwili miwili ingawa hawakuwa na kura.

Nikafungua daftari. Kumbukumbu za mkutano zina kanuni zake: unaandika nani amependekeza na nani ameunga mkono, la sivyo ofisi ya elimu inakurudishia. Nilishika kalamu, nikamtazama mwenyekiti, nikaogopa kuuliza. Alijua ninachongoja. Alikitazama kile kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Andika," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Imependekezwa na mama yake mwenyekiti."

Nikaandika. "Na imeungwa mkono na nani, mwenyekiti?"

"Na mama yake mwenyekiti."

"Watafikiri nimekosea."

"Hujakosea, madam," akasema. "Andika hivyo hivyo."